Klachi Iliyoteleza Kilimani Tu

Wiki iliyopita nilikabidhi spana zangu, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, nikaaga. Fundi Maganga akawatangazia wote waliokuwapo kwamba Kabula amestaafu. Watu walicheka, kwa sababu bado sijafikisha miaka thelathini, na Fundi mwenyewe ana mvi hadi kwenye nyusi na hana habari ya kustaafu. Lakini neno lile nililipenda. Nimestaafu gereji ya pikipiki ya Nyahanga, hapa Kahama, na naenda kufundisha ufundi kwenye chuo kimoja upande wa Geita. Mstaafu hapaswi kuondoka kimya, kwa hiyo haya ni ya kwenu mnaobaki kwenye benchi lile lenye mguu mmoja mfupi. Msilirefushe. Nati ikidondoka mkononi itabingirika kuelekea ukutani, na huko ndiko mtaziokota zote.

Nilifika gereji na shahada ya uhandisi wa mitambo na hofu nyingi. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza sikulala nikiwaza kama fundi huamkiwa "shikamoo Fundi" au "shikamoo Baba", kama nivae suruali au dera, na kama nikiulizwa swali nisilolijua nikae kimya au niombe muda. Asubuhi nilimkuta Fundi Maganga amechuchumaa mbele ya injini iliyo wazi.

"Shikamoo," nikasema, nikaishia hapo kwa usalama.

"Marahaba. Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo. Yaani, bado. Nimesoma, lakini..."

"Nusa hii," akanipa pleti ya klachi.

Niliinusa. Nikaanza kuwaza kama kuna jibu sahihi. Ilikuwa na harufu kali, kama nywele zilizoungua zikachanganyika na mafuta ya kupikia yaliyokaa muda mrefu.

"Imeungua," nikasema.

"Basi umeajiriwa. Waliosoma wengi huanza kwa kuipima."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na ninawaachia kama nilivyolipokea. Klachi ya pikipiki ni pleti zilizobanwa pamoja na springi. Zikibanana vizuri, nguvu ya injini inafika kwenye tairi. Ukivuta mkono wa klachi, zinaachiana. Zikiteleza wakati hujavuta kitu, injini inapiga kelele kama inakwenda Mwanza na tairi linakwenda kama mtu aliyetumwa asikotaka. Na pleti iliyoteleza haiwezi kuficha, maana harufu inabaki. Anza na pua, kisha vipimo.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo, maana mtajifunza kwa kuumia vidole. Kile kipande cha kioo cha dirisha kilichofungwa kwenye khanga kuukuu ni cha kupimia unyoofu wa pleti za chuma. Ilaze juu yake, ibonyeze pembeni, na ikitikisika imejipinda. Nilipofika nilidhani ni kioo cha kujitazamia, nikashangaa kwa nini Fundi anakitunza kuliko spana. Springi zisimamisheni juu ya kioo hichohicho, zote kwa mstari. Iliyochoka itaonekana fupi kuliko wenzake, kama mtoto aliyewekwa mstari wa nyuma kwa makosa. Pleti mpya zilowekwe kwenye oili siku nzima kabla hazijafungwa. Mteja atasema ana haraka. Mpeni kiti.

Sasa niwasimulie kesi ambayo mnanisikia nikiitaja kila wakati, mnaisikia vipandevipande.

Alikuja mama mmoja, Mama Holo, anatoka kijiji kisicho mbali na mji, upande wenye vilima vya mawe. Alikuja akiendesha mwenyewe, kitenge kimefungwa juu ya suruali, kwenye pikipiki ya Kijapani ya silinda moja ya tangu kabla sijazaliwa. Ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyekuwa ofisa mifugo. Alikuwa akizunguka nayo vijijini na sanduku la chanjo za ng'ombe. Rangi ya tangi ilikuwa imekwisha pale yalipokaa magoti yake kwa miaka yote ile, pande mbili, mabaka mawili ya chuma kinachong'aa. Sijui kwa nini mabaka yale yalinigusa. Nilijikuta nayafuta kwa kitambaa ingawa hayakuwa na uchafu.

"Mwangaluka," Fundi akamsalimia Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayemfahamu mwenye pikipiki kabla ya pikipiki. Marehemu alikuwa mteja wake.

"Mwangaluka, Maganga. Klachi inateleza."

"Wapi?"

"Kilimani. Kilimani tu."

Akatueleza. Nje ya kijiji chao kuna kilima cha mawe chenye njia nyembamba, na juu yake kuna uwanja ambako vikundi vya ngoma hukutana baada ya mavuno. Yeye ni kiongozi wa kikundi kimoja. Kila mara anapoenda uwanjani, katikati ya kilima injini inapiga kelele, pikipiki inasimama, na watu wanashuka kuja kuisukuma mbele ya wapinzani. Wapinzani wameshatunga wimbo wa kumcheka.

"Wimbo wenyewe ni mzuri?" Fundi akauliza.

"Mzuri sana. Ndicho kinachoniuma. Hata mimi nikiwa jikoni najikuta nauimba."

Kisha akaacha utani. Mdogo wa mumewe, shemeji Luhende, anachimba dhahabu upande wa Geita, na duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, limejaa maji. Anaitaka injini ile aifunge kwenye pampu. Amekwishaomba kwa heshima mara kadhaa, na hakuna anayemlaumu. Anasema ni aibu kuona mke wa kaka yake anasukumwa kama mkokoteni, na pikipiki isiyopanda ni chuma tu. Mwisho Mama Holo alisimama mbele ya familia akasema: mavuno haya, siku ya ngoma, ikigoma tena kilimani, shemeji aje aichukue. Alisema kwa hasira, lakini alisema mbele ya watu wazima.

"Kwa hiyo, Maganga," akasema, akiweka kiganja juu ya tangi, "ukishindwa, iage leo."

Tulifungua klachi. Pleti zilikuwa zimeungua, nilizinusa kabla sijaambiwa. Za aina ile haziuzwi tena, kwa hiyo tulichukua za pikipiki ya kisasa, tukapunguza masikio yake, yale meno ya pembeni, kwa tupa taratibu, tukijaribu na kupunguza tena, hadi zikaingia kwenye kikombe cha klachi bila kulazimishwa. Springi tulibadilisha. Oili ilikuwa sahihi, lakini tukaimwaga na kuweka mpya. Waya wa klachi tuliuacha na ule ulegevu mdogo unaotakiwa kwenye mkono, kama unene wa sarafu. Hilo mlishike. Waya usipokuwa na ulegevu, ni sawa na mtu anayevuta klachi kidogo wakati wote, na pleti zitaungua hata zikiwa mpya.

Tukaijaribu kwenye mwinuko ulio nyuma ya ghala la pamba. Mimi nikiendesha, Fundi nyuma amekumbatia gunia la mpunga. Ilipanda kama mbuzi.

Baada ya muda si mrefu Mama Holo akarudi. Alikuwa ameenda mazoezini uwanjani. Imegoma. Katikati ya kilima, palepale.

Tukafungua. Pleti zetu mpya, nilizozipiga tupa kwa mkono wangu, zilikuwa na harufu ileile.

Nitawaambia kilichotokea kichwani mwangu, kwa sababu baadhi yenu mna kichwa kama changu. Niliwaza labda kikombe cha klachi kimeliwa. Tukakitazama, kizima. Niliwaza labda pleti za chuma zinajipinda zikipata moto na kunyooka zikipoa. Niliwaza joto la kilima, vumbi la kilima, urefu wa kilima kutoka usawa wa bahari. Niliwaza kwamba mume marehemu hataki. Hilo sikumwambia mtu. Fundi alikuwa amekaa kwenye tairi, anapuliza chai, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona naye hajui. Lakini hakuonekana na hofu. Macho yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyeletewa zawadi ambayo bado haijafunguliwa.

"Injinia," akasema, "hapa inapanda na gunia na mimi juu yake. Kule haipandi na mama peke yake. Raha iliyoje."

"Raha gani, Fundi? Watamng'olea injini."

"Ndiyo maana uendelee kuuliza."

Basi nikamgeukia Mama Holo nikaanza kuuliza. Nikiwa na wasiwasi siwezi kuchagua maswali, yanatoka yote. Anapanda kwa gia ya ngapi? Ya kwanza. Mkono wa kushoto unakaa wapi? Kwenye usukani, vidole nje ya mkono wa klachi. Viatu gani? Anakaa mbele au nyuma ya kiti? Kilima kina kona? Anavaa nini?

"Muulize pia alikula nini," Fundi akasema.

"Michembe na karanga," Mama Holo akajibu, maana michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ndiyo ilikuwa chakula chake cha safari. "Na maji ya kisima. Andika, ng'wanone, mwanangu."

"Unabeba mzigo wowote?" nikauliza, ingawa Fundi alikwisha kuuliza hilo siku ya kwanza, na mimi siku ya pili.

"Sibebi mzigo. Nimewaambia."

"Ukienda sokoni?"

"Sokoni nabeba. Lakini njia ya sokoni haina kilima."

"Na ukienda uwanjani unakuwa peke yako kabisa?"

"Peke yangu kivipi? Ninakuwa na ngoma."

Fundi akashusha kikombe.

"Ngoma iko wapi?" nikauliza.

"Mbele yangu. Juu ya tangi, kifuani."

"Mama," nikasema taratibu, "tulikuuliza mzigo."

"Na ngoma si mzigo!" Alinitazama kama nimesema mtoto ni mzigo. "Mzigo unaufunga nyuma kwenye keria, unaushusha chini, unaukalia. Ngoma yetu haikai nyuma ya mtu wala haiwekwi chini. Ndiyo inatangulia. Ukinihesabia watu wa kikundi changu nitakuhesabia na ngoma."

Fundi akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika.

"Ilete," akasema.

"Hapa? Penye oili?"

"Haitagusa chini. Kabula ataishika."

Hakufurahi. Alisema atawauliza wenzake wa kikundi. Walikubali kwa sharti kwamba ngoma ifunikwe kitambaa safi njiani na isiachwe peke yake gerejini hata kwa muda wa kunywa maji. Akaja nayo asubuhi, ngoma kubwa ya mti, ngozi ya ng'ombe imewambwa pande zote mbili, ameifunga mbele yake kwa ukanda mpana wa ngozi. Ukanda ulizunguka ngoma ukaenda kufungwa kwenye usukani, upande wa kushoto. Palikuwa na alama ya ukanda pale, rangi imekwanguka. Tulikuwa tumeiona alama ile tangu mwanzo. Kwenye pikipiki ya umri ule kila mahali pana alama.

Barabara ilikuwa tambarare, na alifika bila tatizo lolote. Mkono wa klachi ulikuwa na ulegevu wake. Nikaanza kukata tamaa na kujilaumu kwa kuwasumbua wanakikundi wote wale.

"Tuifanyie kilima hapahapa," Fundi akasema. Akaomba Mama Holo aendelee kukaa juu ya pikipiki, ngoma kifuani, mikono kwenye usukani, vidole mbali na mkono wa klachi. Mimi na yeye tukalinyanyua tairi la mbele tukalipandisha juu ya jiwe kubwa lile mnalokalia mkila mihogo. Kisha Fundi akalala chali karibu na injini, akatazama kile kichuma kidogo kinachovutwa na waya wa klachi.

Ngoma ikateleza nyuma kidogo kumwelekea mwenyewe. Ukanda ukakaza.

"Mama, usivute klachi," Fundi akasema toka chini.

"Sijavuta."

"Kabula, njoo ulale hapa uone."

Nililala na gauni langu safi. Kichuma kilikuwa kimesogea. Hakikuwa kimesogea sana, ila kimesogea kama mtu anavyosogea akisikia jina lake. Juu, pale kwenye usukani, ukanda ulikuwa umepita juu ya waya wa klachi, na ngoma ilipovuta ukanda, ukanda uliukandamiza waya kwenye chuma. Ulegevu wote tuliouacha ulikuwa umeliwa, na zaidi. Kadiri kilima kinavyosimama, ndivyo ngoma inavyoegemea, ndivyo ukanda unavyovuta. Mama Holo alikuwa akipanda kilima huku ngoma imemshikia klachi.

Nilibaki pale chini kwa muda. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilisahau hata kuogopa.

Tulipomweleza, aliutazama ukanda. Halafu akaipiga ngoma kofi dogo, kama unavyompiga mtoto aliyekuaibisha kwa wageni.

"Kumbe ni wewe," akaiambia.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa ndogo. Pleti mpya tena, zikalowekwa. Ukanda ukahamishwa, ukafungwa chini ya shingo ya fremu mahali pasipopita waya, na nyuma ya ngoma, kati yake na kiti, tukaweka kigingi cha mti kilichovikwa kipande cha gunia ili isiteleze. Muda wote Fundi anafunga na kujaribu, ngoma ilikuwa mikononi mwangu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliwaza nikiidondosha nitaenda kuishi mkoa gani. Kila lori lilipopita barabarani ngozi ilitetemeka kwenye kifua changu, na nikaelewa kwa nini huyu mama hawezi kuifunga kwenye keria.

Siku ya uwanjani niliomba ruhusa nikaenda. Fundi alisema ni upuuzi kufuata pikipiki iliyopona, kisha nikamkuta kijijini amefika kabla yangu.

Tulisimama katikati ya kilima, palepale ilipokuwa inagoma, tukiwa na wanakikundi waliokuja tayari kusukuma. Juu kabisa, penye bapa la jiwe, alisimama shemeji Luhende, mtu mrefu mwenye buti za mgodini, na gari dogo la mizigo nyuma yake. Mfuko wa koti lake ulikuwa umeelemewa na spana. Wapinzani nao walikuwa wamejipanga pembeni na wimbo wao mdomoni.

Nilianza kuhesabu yanayoweza kuharibika. Kigingi kitachomoka. Masikio ya pleti niliyapunguza kupita kiasi. Waya utakatika leo kwa sababu ni leo.

"Acha kuwaza, sikiliza," Fundi akaniambia.

Nawaomba mjifunze kusikiliza hivi. Klachi ikiteleza, sauti ya injini hupanda juu, inakuwa nyembamba, kama inafurahi. Klachi ikishika, sauti hushuka. Injini inalemewa, inanguruma chini kama mtu anayebeba kitu kwa kweli. Tulimwona Mama Holo anaingia kwenye mwinuko, kidevu juu ya ngoma, vumbi nyuma. Akafika mahali penye mawe. Nikasikia sauti inashuka, ikashuka tena, nzito, inahema. Fundi akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Inateseka," akasema. "Vizuri kabisa."

Ikatupita. Hakuna aliyeigusa. Wapinzani walianza wimbo wao, ukawafia kwenye ubeti wa kwanza, maana ulihusu kusukuma.

Tulipofika juu, tukihema kuliko injini, Mama Holo alikuwa bado amekaa kwenye pikipiki mbele ya shemeji yake. Hawezi kushuka na ngoma kifuani, na haiwekwi chini. Siku zote waliomsukuma ndio walioipokea, na leo wote tulikuwa nyuma.

"Shemeji," akasema, "pokea."

Luhende akatazama gari lake, akatazama pikipiki ya kaka yake, yale mabaka mawili kwenye tangi. Kisha akanyoosha mikono yote miwili akaikumbatia ngoma. Alipoinama, spana ilidondoka mfukoni ikagonga jiwe. Hakuweza kuiokota, mikono ilikuwa imejaa.

"Umekula?" Mama Holo akamuuliza.

"Bado."

"Utakula. Kwanza isogeze uwanjani, watu wanasubiri."

Akaondoka nayo akitembea kwa uangalifu mkubwa, buti zake zikitafuta mahali pa kukanyaga. Fundi Maganga akaiokota spana, akaigeuzageuza, akaona ni nzuri kuliko zetu.

"Mrudishie," nikamwambia.

"Nitamrudishia. Nilikuwa naangalia saizi."

Nasikia baadaye Luhende alipata pampu kwa mchimbaji mwenzake, na duara likakauka, ingawa dhahabu yake sijaisikia. Pikipiki ya Mama Holo bado inakuja gerejini. Mtaijua kwa mabaka yake. Waya wake uachieni ulegevu wa unene wa sarafu, na msimuulize anabeba nini, atawajibu habebi kitu. Muulizeni anapanda na nani.